Baba anakwamwa na chakula: tusubiri mashine ya mwanga wa bluu?

SWALI

Daktari, shikamoo. Nakuandikia kutoka Ngamiani, Tanga mjini. Baba yangu ana miaka 63, alikuwa mvuvi, siku hizi anashona nyavu tu. Tangu kabla ya Ramadhani analalamika chakula kinamkwama katikati ya kifua. Ilianza na nyama na wali mkavu, sasa hata bada, ule ugali laini wa muhogo, anaisukuma kwa maji. Amekonda, mashati yake yote yamekuwa mapana. Dukani tuliambiwa ni vidonda vya tumbo, tukapewa omeprazoli, ameitumia miezi minne. Daktari wa hospitali amemwandikia kumezeshwa mpira wenye kamera wiki ijayo. Lakini kaka yangu aliyeko Dar es Salaam anasema tusikubali: mashine za kawaida hazioni saratani, sasa kuna zenye mwanga wa bluu na akili mnemba, bora tuchange kwanza tumpeleke huko, hata India ikibidi. Mchango utachukua kama miezi mitatu. Tufanyeje? Na mimi nina miaka 34, sina tatizo lolote, je nipimwe kwa mashine hiyo mpya? Baba naye anauliza kama aache kahawa yake ya barazani.

JIBU

Marahaba, mwanangu. Msisubiri miezi mitatu. Mpelekeni baba wiki ijayo kama alivyopangiwa, kwa mashine iliyopo.

Kwa upande wa baba hilo ndilo jibu lote. Lakini kaka yako hakusema uongo kuhusu mashine hizo, amekosea tu mahali pa kuzitumia, na najua nikikwambia "nendeni tu" bila kukupa sababu, mabishano yataendelea kwenye simu kila usiku huku baba akizidi kukonda. Kwa hiyo nitaeleza kwa kirefu, naye umsomee.

Umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, ni mrija laini unaotanuka. Tonge likipita hutanuka hadi kama sentimita mbili au zaidi, kisha hujikunja. Kwa sababu hiyo ugonjwa unaweza kukaa humo muda mrefu na mtu asijue lolote. Chakula kigumu huanza kukwama pale njia inapokuwa imebanwa hadi kufikia kama milimita 13. Sasa angalia ulivyonisimulia: nyama kwanza, kisha wali mkavu, sasa bada. Huo ni mlolongo wa njia inayozibwa kidogo kidogo. Kilichofikia hatua ya kuzuia bada si doa dogo la kutafutwa kwa mwanga wa ajabu. Ni kitu ambacho kamera yoyote inayowaka, hata ya miaka 20 iliyopita, itakikuta uso kwa uso.

Sijasema ni saratani. Umio huweza kubanwa na kovu la asidi iliyopanda kutoka tumboni miaka mingi. Kuna fangasi, hasa kwa mwenye kinga iliyoshuka. Kuna ugonjwa ambao mlango wa chini wa umio hukataa kulegea, ingawa huo mara nyingi humsumbua mtu kwa maji na chakula kwa pamoja tangu mwanzo. Yote haya yana tiba. Lakini mtu wa miaka 63 anayekwamwa na anayekonda, jambo la kwanza kulitafuta ni saratani, na halitafutwi kwa omeprazoli. Sikulaumu kwa ile miezi minne. Dawa ile hupunguza asidi na huweza kumtuliza mgonjwa maumivu hata kama chini yake kuna saratani, ndiyo maana watu wengi hufika kwetu wamechelewa huku wakiamini wako kwenye tiba. Nawaomba wote mnaosoma hapa, wauza dawa mkiwemo: mtu akisema chakula kinakwama, usimpe kidonge. Mwambie akapimwe.

Tena sisi tuna sababu ya ziada ya kuwa macho. Ukichora mstari kutoka Ethiopia, ukashuka Kenya, Tanzania, Malawi hadi Afrika Kusini, umepita kwenye eneo mojawapo la dunia lenye saratani nyingi ya umio. Aina yetu kubwa ni ile inayoota kwenye ngozi laini ya ndani ya umio, tofauti na ile inayoongezeka Ulaya na Marekani ambayo huanzia chini kabisa kwa sababu ya asidi na unene. Na huku kwetu huwapata hata vijana. Hospitali ya Tenwek, Bomet nchini Kenya, imepokea wagonjwa wasiofika miaka 30.

Sasa tuje kwenye mwanga wa bluu, maana hapa ndipo kaka yako alipopata nusu ya habari.

Ukiingiza kamera ya kawaida, mwanga wake ni mweupe kama wa tochi, na ndani ya mtu kila kitu ni chekundu au cha waridi. Saratani changa kabisa ya umio haina kidonda wala uvimbe. Ni sehemu bapa yenye wekundu uliozidi kidogo tu kuliko jirani yake. Kuitafuta kwa mwanga mweupe ni kama kutafuta uzi mwekundu ulioanguka juu ya kanga nyekundu. Waliobuni njia za kisasa hawakuongeza tu ukali wa kamera. Walijiuliza: tufanyeje ili uzi uonekane tofauti na kanga?

Jibu la kwanza ni la zamani na bei yake ni ndogo, nami nalipenda kuliko yote. Ni ayodini. Kama ulisoma sayansi shuleni utakumbuka lile jaribio la kudondosha ayodini juu ya kipande cha muhogo, kikageuka bluu iliyokolea karibu na weusi kwa sababu ya wanga. Seli zenye afya za umio nazo huhifadhi kitu kinachokaribiana na wanga, kiitwacho glaikojeni. Ukinyunyizia ayodini kwa kupitia mpira, umio mzima hugeuka kahawia, rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Seli zilizoanza kuharibika zimekwisha kutumia glaikojeni yake, kwa hiyo hazishiki rangi. Hubaki kama kiraka cha manjano hafifu, na baada ya dakika mbili tatu baadhi ya viraka hugeuka waridi. Kile kinachogeuka waridi ndicho kinachotutia wasiwasi zaidi. Dawa yenyewe inaitwa Lugol, kwa jina la daktari Mfaransa aliyeitengeneza mwaka 1829. Wanawake wa Tanga wanaijua kazi ya namna hii bila kuambiwa jina: ukienda kliniki kupimwa mlango wa kizazi ukapakwa siki, mkunga anasubiri aone sehemu inayogeuka nyeupe. Ni wazo lilelile. Unaipaka ngozi kitu kinachoifanya iseme yenyewe mahali ilipoharibika.

Wenzetu wa Tenwek walikwenda mbali na wazo hilo. Waliwapima watu wazima 305 wasio na dalili yoyote, wanaokula vizuri, wanaolima na kuchunga kama kawaida, kwa kamera na ayodini. Karibu mmoja kati ya saba alikutwa na seli zilizoanza kubadilika. Seli hizo si saratani, na nyingi huenda zisifike huko, lakini ndiko saratani inakoanzia. Nilipousoma utafiti ule, ulipochapishwa mwaka 2016, nilikaa na karatasi mkononi muda mrefu. Hawa walikuwa watu ambao kesho yake wangesalimiana na daktari sokoni na wala asingewashuku.

Jibu la pili ndilo hilo la kaka yako. Mwishoni mwa miaka ya 1990 huko Japani, mhandisi Kazuhiro Gono wa kampuni ya Olympus na daktari Yasushi Sano walianza kufanya kazi pamoja juu ya jambo linaloonekana dogo: badala ya kumulika kwa mwanga mweupe wenye rangi zote, wamulike kwa mikanda miwili myembamba tu ya mwanga, mmoja wa bluu wa nanomita 415 na mwingine wa kijani wa nanomita 540. Kwa nini hiyo? Kwa sababu himoglobini, ile inayoipa damu wekundu, huifyonza rangi hizo mbili. Penye damu mwanga unamezwa, panakuwa peusi. Pasipo na damu mwanga unarudi. Tena mwanga wa bluu hauzami sana kwenye nyama ya mwili, hivyo unaonyesha mishipa iliyo karibu kabisa na uso, midogo kama nywele, kwa rangi ya kahawia, na wa kijani unaonyesha iliyo chini zaidi kwa rangi ya samawati. Kanga haijabadilika, ila sasa uzi ni mweusi.

Na kwa nini tunatafuta mishipa? Kwa sababu saratani, hata ikiwa changa, ina njaa. Inajivutia damu. Vile vitanzi vidogo vya mishipa vilivyojipanga vizuri ndani ya ngozi ya umio huanza kuvimba, kujipinda na kutofautiana ukubwa. Daktari mwenye jicho lililofunzwa, akikuza picha mara 80 au zaidi, anaweza kukisia hata ugonjwa umezama kiasi gani kwa kuangalia tu namna vitanzi vilivyovurugika. Hilo lina maana kubwa, maana saratani iliyobaki kwenye tabaka la juu kabisa huweza kuchubuliwa kwa kupitia mpira huohuo, bila kupasua kifua, na wengi mno wa waliotibiwa hivyo huwa hai baada ya miaka 5.

Je, inasaidia kweli? Ndiyo. Manabu Muto na wenzake, katika utafiti uliotoka mwaka 2010, waliwapima Wajapani 320 ambao tayari walikuwa na saratani ya umio, wakitafuta madoa mengine machanga. Mwanga ule mwembamba uliona asilimia 97 ya madoa ya juujuu ya umio, mwanga mweupe ukaona asilimia 55. Ukisikia tarakimu hizo unaelewa kwa nini habari zimemfikia kaka yako. Lakini soma tena maneno yangu: madoa machanga, ya juujuu, bapa. Hizo ni saratani ambazo hazijamkwamisha mtu hata punje ya wali. Ndizo zinazohitaji mwanga huo. Aliyekwisha kukwamwa na bada ameshavuka hapo, na miezi mitatu ya kuchangisha ni muda ambao uvimbe hautamsubiri.

Yapo na mengine utakayosikia. Kampuni nyingine zina mwanga wao unaofanya kazi karibu sawa. Ipo kamera yenye kifaa cha ultrasaundi kwenye ncha, inayosaidia kuona unene wa ukuta na matezi ya jirani, nayo hutumika zaidi baada ya ugonjwa kujulikana. Akili mnemba kwa sasa imejithibitisha zaidi kwenye utumbo mpana. Programu inafuata picha ya kamera, na ikiona kivimbe kidogo inaweka alama kwenye skrini ili daktari asikipite. Utafiti mmoja wa China wa mwaka 2019 ulionyesha idadi ya watu waliokutwa na vivimbe vya hatari ilipanda kutoka asilimia 20 hadi 29. Mimi naifurahia. Ila programu hiyo huona tu kile ambacho kamera imeelekezwa. Nyuma ya mkunjo ambao daktari hakuufungua, au chini ya ute ambao hakuuosha, nayo haioni kitu.

Hapa niruhusu nikusimulie jambo langu mwenyewe, maana ndilo linalonifanya niandike kwa ukali kidogo.

Miaka mingi iliyopita, nikiwa bado kijana katika hospitali moja, alikuja mama wa makamo akilalamika kiungulia. Foleni ilikuwa ndefu, na mimi kichwani nilikuwa na vidonda vya tumbo. Nikaingiza mpira, nikapita umio kwa haraka kama mtu anayepita ukumbini kwenda jikoni, nikakagua tumbo kwa makini, nikatoka. Kwenye ripoti nikaandika kwamba umio ni salama. Baada ya miezi 11 yule mama alirudi, hawezi kumeza uji. Uvimbe ulikuwa pale nilipopita. Sitaki kujipa faraja kwamba mashine yetu haikuwa na mwanga wa bluu. Nadhani kulikuwa na doa la wekundu, na ningepunguza mwendo, nikaosha ule ute na kurudi nyuma polepole, ningesimama. Mwanga ulitosha, ni mimi niliyekuwa na haraka. Tangu siku ile, umio naukagua mara mbili, nikienda na nikirudi.

Tafiti zinanisuta vilevile. Zilipokusanywa pamoja mwaka 2014, zilionyesha kwamba takriban mgonjwa mmoja kati ya kumi wenye saratani ya umio au tumbo alikuwa amemezeshwa kamera ndani ya miaka mitatu kabla, na haikugunduliwa. Huko Singapore, utafiti wa mwaka 2015 uliona kwamba madaktari waliozoea kutumia zaidi ya dakika 7 kwenye kipimo hiki waligundua madoa ya hatari mara mbili ya wenzao wenye haraka. Dakika, maji ya kuoshea, dawa ya kuondoa povu anayokunywa mgonjwa kabla: hivi havina jina la kuvutia, lakini ndivyo vinavyoipa kamera yoyote macho.

Kuna kingine ambacho naona hakijasemwa kwenye vikao vyenu vya familia. Kamera ya aina yoyote, hata ya bei ya nyumba, haitoi jibu la mwisho. Jibu linatoka kwenye kinyama. Daktari akiona sehemu yenye mashaka anapitisha koleo dogo ndani ya mpira, anachukua vipande vidogo kama punje ya mtama, vinakwenda maabara, na mtaalamu wa patholojia anavitazama kwa hadubini. Kwa hali ya baba vichukuliwe vingi, sita au zaidi, maana kipande kimoja huweza kuangukia sehemu iliyokufa kikasema "hakuna kitu" wakati kitu kipo. Hata mpira ukishindwa kupita kwenye sehemu iliyobana, kinyama huchukuliwa palepale mlangoni. Majibu yakirudi "hakuna saratani" na baba bado anakwamwa, msiende nyumbani kusherehekea. Rudini hospitali, kipimo kirudiwe.

Kabla ya siku yenyewe, mwulizeni daktari kwa heshima kama atachukua kinyama siku hiyohiyo, na kama ripoti itakuwa na picha na kipimo cha sentimita kutoka kwenye meno ya mbele. Umio huishia kama kwenye sentimita 40, hivyo ukijua uvimbe uko 25 au 35, daktari wa upasuaji au wa mionzi popote mtakapokwenda atajua pa kuanzia bila kurudia kila kitu. Omba kabisa nakala ya ripoti, na uitunze nyumbani.

Baba ataogopa. Wavuvi waliokwisha kulala baharini na dhoruba nimewaona wakitetemeka mbele ya mpira huu, na si aibu. Mwambie unene wake ni kama wa kidole kidogo, unapita njia ya chakula na si ya pumzi, kwa hiyo hatakosa hewa. Atapuliziwa ganzi kooni, na pengine atadungwa dawa ya kumlegeza. Akidungwa, asirudi nyumbani peke yake wala asipande bodaboda kwa siku hiyo. Asile kwa muda usiopungua saa 6, lakini kwa anayekwamwa chakula hubaki juu ya sehemu iliyobana, hivyo jana yake ale vitu vya kunywa tu: uji mwepesi, supu iliyochujwa. Kama ana kisukari, anatumia dawa za kufanya damu kuwa nyepesi, au ana meno ya bandia, semeni mapema. Akinyunyiziwa ayodini, kifua kitamchoma kwa muda mfupi, kisha kutatulia. Kama ayodini iliwahi kumletea shida, au ana ugonjwa wa tezi la shingo, daktari ajue kabla ya kuingia chumbani.

Msingoje hata hiyo wiki ijayo kama atashindwa kumeza mate, atatapika damu, atapata choo cheusi kama lami, au maji yatakuwa yanampalia na kumkohoza kila anapokunywa. Hapo ni hospitali usiku huohuo.

Kuhusu mchango, msiuvunje. Endeleeni, ila mjue ni wa kazi gani. Ikiwa ni kovu, itatakiwa kutanuliwa, pengine zaidi ya mara moja. Ikiwa ni saratani, kitakachofuata ni picha ya CT ili kuona imefika wapi, kisha uamuzi wa upasuaji, mionzi, dawa, au kuwekewa mrija wa waya unaojitanua ndani ya umio ili aweze kula tena. Nimeona watu walioingia wakitema mate kwenye kopo wakanywa chai siku hiyohiyo baada ya mrija kuwekwa, na sura ya mtoto wa mgonjwa saa hiyo sitaisahau. Hapo ndipo pesa itakapohitajika: nauli, vipimo, kulala ugenini. Kutoka Tanga, Moshi kwenye hospitali ya KCMC na Dar es Salaam kwenye hospitali za Muhimbili na Ocean Road ni karibu umbali mmoja, kama kilomita 350 kila upande, hivyo chagueni kwa kuangalia ndugu wako wapi na daktari wenu ana mawasiliano na nani. Ombeni barua ya rufaa, na kama baba ana bima mwulize mapema inalipa nini. India mnaweza kuifikiria baadaye, mkiwa na karatasi ya maabara mkononi. Kwenda huko bila jibu la kinyama ni kulipa nauli ya ndege ili kufanyiwa kipimo kilichopangwa wiki ijayo hapohapo Tanga.

Wewe sasa. Una miaka 34, unakula vizuri, huna dalili. Simshauri kila mtu wa namna yako akimbilie kamera, na kwa wiki hizi nguvu zako zinahitajika kwa baba. Lakini majibu yake yakiwa ni saratani ya umio, wewe na kaka yako mtakuwa na ndugu wa damu aliyeugua, nanyi mkakae na daktari mzungumze: nani anavuta sigara, nani anakunywa pombe kali, nani amepita miaka 40. Kama kuna wa kupimwa kati yenu, huyo ndiye wa mwanga wa bluu, au wa ayodini tu, ambayo nakuhakikishia inafaa sana mikononi mwa daktari mwenye subira. Mweleze kaka yako hivyo. Mashine aliyokuwa akiitafutia pesa kwa ajili ya baba, huenda yeye mwenyewe ndiye wa kuihitaji siku moja.

Nimebakiza kahawa ya mzee. Kahawa yenyewe haina kosa. Mwaka 2016 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani ilitoa maelezo kuhusu joto: vinywaji vya zaidi ya nyuzi 65 huenda vinachangia saratani ya umio, viwe chai, kahawa au maji matupu. Mwaka mmoja kabla, watafiti waliwapima watu wa Kilimanjaro wakinywa chai, wakakuta funda la kwanza kwa wastani linapita nyuzi 70. Na kahawa ya barazani kwetu, inayomiminwa kutoka kwenye dele lililo juu ya makaa, unajua mwenyewe inavyounguza ulimi. Kwa sasa kitu cha moto kitamwumiza tu pale palipobana. Zamani bibi zetu walimimina chai kwenye kisosi, wakaipuliza, ndipo wakanywa. Mwambie baba aende barazani kwake kama kawaida, akae na wenzake, kikombe akiweke pembeni mpaka aweze kukishika kwa kiganja bila kubadilisha mkono, kisha anywe kidogo kidogo. Kashata aiache mpaka tujue kinachombana.